Kitanda cha Ghorofani

"Mwalimu, simu yangu iko wapi?"

"Inachaji huko chini."

"Tangu jana?"

"Umeme si ulikatika, mke wangu. Kunywa supu."

Serwah akaitazama supu ya mbuzi, kisha mlango. Wiki tatu sasa tangu awekewe nyonga ya bandia. Muuguzi alimwagiza mumewe, Mwalimu Badu, mstaafu, kila kitu: kitanda kikae chini, mazulia yaondolewe, bafuni zifungwe nondo za kushikilia. Badu aliitikia yote. Siku ya kutoka hospitalini, wanaume wawili wakambeba Serwah ngazi kumi na sita hadi ghorofani, na hajashuka tena.

"Chumba cha chini kina unyevu," Badu alisema.

Akamlisha. Akamwogesha. Akamkata hadi kucha. Majirani wakasifu: "Serwah, mume unaye!" Utamlalamikiaje mtu anayekukata kucha?

Mchana huo Badu alipofuata dawa, Serwah alichungulia dirishani akamwona Afriyie, mwenzake wa kuuza vitambaa soko la Kejetia, amesimama getini.

"Afriyie! Panda huku!"

Afriyie akafika akihema. "Kumbe mzima! Mumeo katuandikia sokoni kwamba umekatazwa wageni."

"Kaandika nini?"

Afriyie akamsomea: "Serwah hatarudi sokoni, na amekatazwa wageni. Mpeni mtu mwingine kibanda chake. Asanteni kwa maombi."

Serwah akahisi kuta zinamsogelea.

"Na chumba cha chini kina unyevu?"

"Nimekipita sasa hivi. Kikavu kama unga."

"Nipe mkongojo wangu. Wewe tangulia mbele yangu."

Badu aliporudi alimkuta mkewe katikati ya ngazi, mkono mmoja ukutani, jasho linamchuruzika.

"Utaanguka!"

"Basi nishike, au nipishe."

Badu hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa kwenye ngazi, mfuko wa dawa mapajani. Afriyie akajishughulisha kutazama ukuta.

"Miaka ishirini na sita nimekula chakula cha jioni na redio," Badu akasema. "Nyonga ilipoanza kukusumbua ndipo ukawa unarudi mapema. Sasa wamekupa mpya. Nikajua itakupeleka kule kule."

"Kwa hiyo nilipolia kwa maumivu, wewe ulifurahi?"

Badu akaukunja mdomo wa mfuko wa dawa.

"Nilifurahi upo."

"Ungeniambia, Badu!"

"Nilikuambia. Ulikuwa unakunja vitambaa."

Serwah alijaribu kuikumbuka siku hiyo, hakuiona. Hilo lilimchoma kuliko mshono. Lakini hakupanda tena. Jioni ile ile alikuwa mji wa Ejisu, kwa dada yake, simu yake mkononi.

"Nitapona huku," alimwambia Badu, aliyemsindikiza hadi mlangoni. "Wewe tengeneza nyumba. Nikiona ni nyumba na si jela, nitarudi."

Siku mbili simu ilikaa kimya. Ya tatu ikaingia picha: kitanda chini, kimeelekea barazani.

"Mazulia nimeondoa yote," Badu aliandika.

"Bafuni?"

"Fundi anafunga nondo leo."

"Kiti cha choo ni kifupi. Kiinue."

"Umejuaje?"

"Miaka ishirini na sita nakikalia."

Kesho yake: "Mama wa mazoezi ya viungo anauliza aje Jumanne au Alhamisi."

"Zote mbili."

Kesho yake tena: "Nimekwenda Kejetia. Nimewaambia mwenyewe kwamba nilisema uongo. Afriyie kanitukana mbele ya soko zima."

Serwah akaisoma hiyo mara tatu. Kuungama mbele ya wanawake wa Kejetia! Mwalimu Badu, asiyetaka hata kusahihishwa tarehe!

Akaandika: "Ijumaa narudi. Lakini daktari akiniruhusu naanza sokoni. Nusu siku. Sikuombi ruhusa, nakuarifu."

Simu ikaonyesha Badu anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena.

"Basi mchana nitakuletea fufu huko huko," jibu likaingia. "Tule wote. Hata ukiwa unakunja vitambaa."

Serwah akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Dada," akaita, "nisaidie kufunga mizigo."