Maji Yalipokupwa Sebuleni

Sihaba ndiye aliyeona kwanza kwamba maji ya sebuleni yamekupwa.

"Baba Mwaija, hebu njoo. Tangi lako linavuja."

Alawi alipapasa pembe zote za tangi kwa kitambaa kikavu. Hapakuwa na tone. Lakini maji yalishuka shubiri nzima, na tumbawe alilolitoa mwambani Mlingotini juzi lilikuwa limetokeza kichwa nje. Alasiri yakajaa tena hadi ukingoni, bila mkono wa mtu.

"Ni mvuke tu," alisema Alawi. Alikuwa afisa wa uvuvi pale Bagamoyo, na afisa hakosi jibu.

Tangi hilo lilikuwa roho yake. Aliona la namna hiyo katika hoteli moja ya watalii, asitulie mpaka fundi alipomkatia vioo vya dirisha na kuvifunga kwa fremu ya chuma. Akachota maji ya bahari kwa madebe, akaosha mchanga, akatia pampu ya hewa. Lilibaki tumbawe hai la kukaliwa na samaki, na kung'oa tumbawe kulihitaji kibali cha afisa wa uvuvi. Basi alijiandikia ombi, akalitafakari siku mbili asije akaonekana ana upendeleo, kisha akajikubalia.

Alilichagua la zambarau, zuri kuliko yote mwambani. Wanawake wachokoa pweza hawakutia kijiti chini yake bila kupiga hodi. Mmoja wao, Bi Mize, alimwonya: "Mwanangu, hapo pana mwenyewe."

"Ana hati?" aliuliza Alawi, akaendelea kupiga mtaimbo.

Sasa binti yake Mwaija, wa miaka minne, akaanza kukohoa. Daktari aliandika kichomi. Lakini kila maji yalipokupwa tangini, kifua cha mtoto kilijaa. Alitapika maji ya chumvi, mara hata kipande cha mwani, na nyumba nzima ikanuka shombo iliyochanganyika na udi ambao hakuna aliyeuchoma, harufu iliyoingia kwenye mito, kwenye wali, kwenye nywele za Sihaba, ikazidi kila walipofungua madirisha. Adhuhuri moja, jua likiwa la utosi, Mwaija alikaa kitako kitandani, akasema kwa sauti nzito ya mwanamke mzima:

"Umenibomolea nikiwa nimelala."

"Alawi," Sihaba alinong'ona, "mwanangu akifa, na wewe usikae humu."

Alawi alichukua gari la ofisi kwenda Mlingotini kumfuata Bi Mize. Safari hiyo hakujiandikia kibali.

Bi Mize alikuja, akamfukiza mtoto ubani, akasikiliza pumzi yake. "Lirudishe palepale, maji yakiwa yamekupwa," alisema. "Piga hodi, omba radhi, ondoka. Utaitwa. Usigeuke, maana wanadanganya."

Alawi alilifunga tumbawe kwa shuka mbichi, akalibeba mwambani kama anayebeba maiti, akalipachika kwenye kovu lake. Akapiga hodi, yeye aliyezoea kupigiwa. Akaomba radhi. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakimlamba vifundo vya miguu, na alipopiga hatua ya kwanza kuelekea nchi kavu akasikia chini ya jiwe kilio chembamba anachokijua, kinachosema, "Baba, huku giza, baba usiniache," kikamfuata hadi maji yakampata magotini, naye akauma midomo mpaka damu ikamtoka, akatii maagizo, hakugeuka.

Mlangoni Sihaba alimpokea kwa kicheko cha machozi. "Kapona! Amekula wali sahani mbili!"

Lakini Bi Mize alikuwa barazani, chetezo mkononi, hataki kuingia ndani.

"Uliitwa?" aliuliza chinichini.

"Niliitwa, bibi. Sikugeuka."

"Kwa sauti gani?"

Alawi aligeuka kuelekea baharini. Huko mwambani, maji yalikuwa yamekwisha kufunika kila kitu.

Mwaija alitoka akijifuta mikono, mnene wa afya, macho makavu. Alimtazama Alawi kuanzia miguuni, kwenye suruali iliyolowa, hadi usoni.

"Mimi nimeshapata pa kukaa," alisema, kwa sauti nzito. "Sasa kule umemfungia nani?"