Msumari wa Ishirini

Jioni hiyo Kapteni alipokuwa akifunga banda la majaketi, alikuta maji yametuama chini ya msumari ambao haukuwahi kutundikwa kitu.

Hakushtuka. Mtu anayefanya kazi bwawani hashtukii maji. Alitazama juu akidhani bati linavuja, kisha akakumbuka kwamba mvua haijanyesha mwezi mzima. Akapitisha ufagio, akazima taa, akaenda kula kwake, nyumba iliyo papo hapo kando ya bwawa.

Bwawa lenyewe lilichimbwa kwa mikono ya watu. Zamani kulikuwa na kiwanda cha matofali mahali hapo, kikachota udongo mpaka shimo likashindwa kujulikana mwisho wake, halafu kikafilisika na mvua zikalijaza. Mwenye eneo akapanda nyasi na miti, akaweka viti vya mbao, akanunua boti za kukanyaga zenye shingo za bata, na watu wa mjini wakaanza kumiminika siku za mapumziko kutazama ndege na kupunga upepo. Kapteni hakuwa nahodha wa chochote, ni wateja tu waliombatiza jina hilo kwa sababu ya filimbi na kipaza sauti chake cha mkononi. Mkewe alikaa dirishani akikata tiketi. Binti yao wa miaka sita alipenda sana kuzichana zile tiketi mlangoni, ndiyo maana kila mtu alimwita Bibi Tiketi.

Ubao wa bandani ulikuwa na misumari ishirini. Majaketi ya kuelea yalikuwa kumi na tisa, kila moja na namba yake mgongoni kwa rangi nyeupe. La ishirini halikununuliwa, mwenye eneo alisema hayo yanatosha. Basi majini watu hawakuwa na majina. Ikifika saa kumi na moja na nusu, Kapteni alisimama kwenye gati la mbao akawaita kwa namba zao: nne, muda umekwisha, rudi, tisa, muda umekwisha, rudi.

Lakini wateja ni wakaidi, na Kapteni alikuwa mtu wa mzaha usio na breki. Akabuni ujanja. Akishawaita wote bila kusikilizwa, alipaza sauti ya ukali kuelekea upande wenye kina: "Namba ishirini! Wenzako wote wanatoka, umebaki peke yako! Rudi, nakusubiri!" Waliosikia walidhani kuna mtu anaaibishwa mbele za watu, wakakanyaga mbiombio wasije wakafuata wao. Kapteni alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Mkewe hakucheka. Alimwambia mara moja tu kwamba si vizuri kumwita asiyekuwepo, naye akajibu kwamba asiyekuwepo hana masikio. Kwa hiyo alimwita kila jioni, miaka mitatu mizima.

Siku ya pili baada ya yale maji, jaketi namba moja lilikutwa limelowa chapachapa. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo bwawa hufungwa. Kesho yake likalowa namba mbili, ambalo pia halikuwa limevaliwa. Keshokutwa, namba tatu. Yote yalinuka udongo mbichi, harufu ya shimo lililochimbwa sasa hivi. Nyayo ndogo za maji zilitoka gatini zikaingia bandani, na Kapteni alizunguka banda lote akitafuta zinazotoka, asizione hata moja.

Alimuuliza binti yake kama ndiye anayechezea majaketi. Mtoto alikuwa akichana tiketi za zamani, wala hakuinua kichwa.

"Si mimi. Ni mgeni. Anajaribisha."

"Mgeni yupi?"

"Wa ishirini. Anasema ulimwita, sasa amekuja, na hana jaketi. Hayo yote yanampwaya."

Kapteni alimkataza mtoto kusema uongo, naye akajua wakati anasema kwamba mwongo hapo ni yeye.

Hesabu ikaendelea kupanda. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Mchana mweupe, bwawa likiwa tupu, ilisikika boti ikikanyagwa, kwa-ta kwa-ta, na boti zote zimefungwa. Mke alipendekeza wahame. Mume alisema watahamia wapi, kazi hazidondoki barabarani, na moyoni alikuwa akijipa matumaini ya kijinga kwamba likishafika la kumi na tisa, basi, mambo yataishia hapo. La kumi na tisa likalowa. Na kesho yake, saa saba ya mchana, jua likiwaka, mama akiwa jikoni anakoroga sufuria na baba akiwa sebuleni anashona mkanda wa jaketi, wote wawili walisikia tone, kisha tone, kisha tone jingine, wakafuata sauti ile mpaka chumba cha kulala, na nyuma ya mlango, pale lilipokuwa likining'inia jaketi dogo jekundu la Bibi Tiketi ambalo halikuwa na namba kwa sababu lilikuwa lake peke yake, wakaliona limejaa, limefungwa kifungo kwa kifungo, limetuna kifuani kana kwamba kuna mtu ndani yake anayevuta pumzi, na maji yanachuruzika hadi miguuni pao.

Lilikuwa limemtosha.

Siku hiyo hiyo mke alikwenda kumleta mganga, mama mtu mzima asiye na makeke, aliyefika na mkoba wa ngozi na viatu vilivyojaa vumbi. Alinusa banda, akaugusa msumari wa ishirini, akafuta vidole. Kisha akasikiliza habari yote bila kukatiza.

"Hili jini hukutupiwa na mtu, baba," alisema. "Umelialika mwenyewe. Ulikaa kwenye shimo lenye wenyewe ukaita. Uliita mara ngapi?"

Mke ndiye aliyejibu kwamba ni kila siku, miaka mitatu.

Mganga akauweka mkoba chini taratibu. Aliagiza jaketi jekundu lichomwe, kwa kuwa yule alishalivaa na kulizoea. Wakalichoma nyuma ya banda huku Bibi Tiketi akilia kwa kwikwi, maana lilikuwa lake na hapakuwa na jingine la kipimo chake. Halafu Kapteni akasimamishwa gatini, akapewa kipaza sauti, naye akasema aliyofundishwa: kwamba namba ishirini hayupo, kwamba hakumwita yeye, na aende. Maji yakatokota kidogo katikati. Na mbele ya macho yao, juu ya mbao kavu, nyayo ndogo zikajichora moja baada ya nyingine, safari hii zikielekea bwawani.

Kabla ya kuondoka mganga alimshika Kapteni kidevu, kama mtoto.

"Sasa huu mdomo nimeufunga. Usimwite tena mtu yeyote kutoka kwenye maji haya. Yule atarudi kujaribu bahati yake, na atakuja na sura unayoipenda. Atakubembeleza umwite. Ukimwita, umemkabidhi nyumba."

Kapteni aliapa. Tangu siku hiyo mke ndiye aliyewaita wateja, na majaketi yakakaa makavu. Aliyeumia ni Bibi Tiketi. Baba na binti walikuwa na mchezo wao: kila jioni mtoto aliketi kwenye mtumbwi mdogo uliofungwa kamba gatini, akajifanya mteja, na sharti lilikuwa moja, haruhusiwi kurudi mpaka baba atamke, "Bibi Tiketi, muda umekwisha." Baba sasa alikuwa hatamki. Mtoto aliomba, akanuna siku mbili. Kapteni alishindwa kumweleza, kwa kuwa hakuna namna ya kumweleza mtoto jambo kama hilo bila kumnyima usingizi.

Jumatatu ya tatu baada ya mganga kuondoka, bwawa lilikuwa limefungwa. Baada ya chakula mama na mtoto walilala. Kapteni aliwaona kwa macho yake, mtoto amelaza kichwa mkononi mwa mama, gauni la njano limepanda magotini. Akaenda nyuma ya banda kukoroga rangi ya kupaka shingo za bata. Alikaa huko kitambo, rangi ilikuwa imeganda.

Aliporudi gatini, kamba ya mtumbwi ilikuwa imefunguliwa. Mtumbwi ulikuwa mbali, upande wenye kina, na ndani yake aliketi mtoto mwenye gauni la njano.

"Baba, niite."

Kapteni akaweka kopo la rangi chini. Kisha, na hili ndilo lililomla maisha yake yote yaliyobaki, akajipongeza. Alimwacha binti yake usingizini, wala hakuota hilo. Mganga alimwambia sura itakuwa ipi, na hii hapa. Akaufumba mdomo, akaubana kwa kiganja ili usije ukamsaliti.

"Baba, maji yanaingia. Niite nirudi."

Alijua kwamba mtumbwi ule ulikuwa na ufa, alipanga kuuziba juma hilo, na hata hapo hakusita, akasema moyoni kwamba shetani ni fundi, amekumbuka hadi ufa. Sauti ikaita mara ya tatu, sasa ikiwa na kilio ndani yake, kilio kile kile cha siku ya jaketi, naye akageuka akalipa bwawa mgongo, akatia vidole gumba masikioni, akafumba macho, akaimba kwa nguvu wimbo wowote uliomjia, akarudia ubeti ule ule mpaka koo likamkwaruza, akasikia kwa ndani fahari ya mwanamume aliyeilinda familia yake.

Alipofumbua macho, mkewe alikuwa mbele yake, miguu mitupu, midomo inamcheza. Akatoa vidole masikioni.

"Nimekuuliza mtoto yuko wapi," mke alisema. "Aliniamsha, akaniambia anakuja kucheza na wewe ule mchezo wenu."

Kapteni aligeuka. Bwawa lilikuwa limetulia kabisa, na tumbo la mtumbwi lilionekana juu ya maji.

Kapteni alipiga mbizi mpaka giza likaingia, akatolewa na watu kwa nguvu. Wazamiaji wa serikali walikuja siku tatu, wakapata kiatu kimoja. Shimo la matofali halikuwa na mwisho, na siku ya tatu walikunja vifaa vyao bila kuwatazama wazazi usoni.

Asubuhi ya nne Kapteni aliingia bandani. Kwenye msumari wa ishirini lilikuwa limetundikwa jaketi dogo jekundu, zima, linachuruzika, lina harufu ya moshi. Mgongoni sasa lilikuwa na namba, ishirini, kwa rangi nyeupe ambayo haijakauka.

Mke alikuwa nyuma yake. Alilitazama kwa muda mrefu, na Kapteni aliona uso wake ukifanya jambo ambalo hakulitegemea, ukapata nuru.

"Siku ile," alisema mke kwa sauti ya chini, "alikwambia umwite?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Na wewe ukaimba."

Hakumpiga, wala hakumtukana, na afadhali angefanya hivyo. Alichukua kipaza sauti kilichotundikwa mlangoni na kwenda nacho gatini. Kapteni alimfuata akimsihi, alimshika mkono, alimkumbusha maneno ya mganga, kwamba atakayekuja si mtoto wao, kwamba yeye hayupo tena. Mke akautoa mkono ule kama mtu anayejipangusa vumbi. Alisema mdomo uliofungwa ni wa mumewe, si wake.

"Namba ishirini," aliita, kwa upole kabisa, "muda umekwisha, mama. Rudi, nakusubiri."

Kutoka upande wenye kina, mtoto akacheka. Nyayo ndogo zikapanda gatini, zikawapita, zikaelekea nyumbani, na mama akazifuata akiongea peke yake habari za kubadilisha nguo mbichi.

Kapteni alibaki nje mpaka jua lilipozama. Alipoingia, mkewe alikuwa kitandani, amelala ubavu upande wa ukutani, ametandika taulo kavu katikati, na chumba kizima kinanuka udongo mbichi. Taulo lilikuwa limeanza kulowa.

"Lala pembeni," mke alimnong'oneza. "Mtoto amechoka."

Kapteni akalala pembeni. Mkono mdogo wa baridi ukamshika kidole gumba, kile alichozibia sikio, ukakikamata vizuri.