Utando wa Buibui kwenye Mguu wa Akeno

Makaa yanachosha. Akeno analijua hilo kuliko mtu yeyote kijijini kwao, nje kidogo ya Kakuma. Unakata miti, unafukia, unachunga moshi, unabeba gunia hadi kambi ya wakimbizi kuliuza. Kesho unaanza tena.

Siku moja alikanyaga tanuri la makaa alilodhani limepoa. Juu kulikuwa na udongo, chini kulikuwa na moto. Mguu wa kulia uliungua hadi kwenye kifundo.

"Nipeleke hospitali," alimwambia mumewe, Ekwam.

"Hospitali ni mbali, na hii jua ni kali. Dawa iko hapa hapa. Nimesikia kwa redio, wanasayansi wanatibu kidonda na uzi ya buibui."

Ekwam si mtu mbaya. Anampenda mkewe, na mbuzi wengi amewatibu kwa mikono yake. Shida yake ni moja tu: akisikia nusu ya jambo, nusu iliyobaki anaijaza mwenyewe. Alikusanya utando kwenye kibanda cha mbuzi, akaubandika kwenye kidonda, akafunga kitambaa.

Mguu ulivimba. Ukaanza kunuka. Akeno alipata homa, akawa analala tu akitazama ukuta. Maji, kuni na uji wa watoto vikamwangukia Ekwam, naye akachoka hasa.

"Baba Longor," Akeno alimwambia mumewe kwa sauti ndogo, "mimi nimechoka. Kama ni kukatwa, wakate tu."

Ekwam aliogopa. Alimpakia mkewe kwenye bodaboda, wakaenda kituo cha afya.

Muuguzi Jepkoech alikuwa mwisho wa zamu, macho mekundu kwa uchovu. Alifungua kitambaa, akaona utando umegandia kidondani.

"Nani aliweka hii?"

"Ni mimi, sista. Redio ilisema buibui. Kwani ilidanganya?"

"Haikudanganya, mzee. Wewe ulisikia buibui, hukusikia maabara."

Alianza kuosha kidonda polepole, huku akieleza.

"Uzi wa buibui ni protini. Ni imara, na mwili unaweza kuupokea vizuri. Lakini buibui hafugiki kama mbuzi. Ukiwaweka pamoja wanakulana."

Akeno, na maumivu yake yote, akacheka kidogo.

"Kwa hivyo wanasayansi wanachukua maagizo ya kutengeneza ile protini, yaliyo ndani ya mwili wa buibui, wanayatia ndani ya vijidudu kama hamira. Hivyo vijidudu vinaitengeneza ndani ya matangi. Halafu inachujwa na kusafishwa mpaka haina viini vya ugonjwa. Ndiyo wanajaribu kutengenezea bandeji, na nyuzi za kushona wagonjwa."

"Hiyo bandeji iko hapa?" Ekwam aliuliza.

"Hapana. Nyingi bado zinajaribiwa. Hariri ya kiwavi ndiyo imeshona watu miaka mingi, na hiyo pia inasafishwa kwanza. Utando wako ulikuwa na vumbi na mavi ya mbuzi. Unaweza kuleta hata pepopunda."

"Sasa nyinyi mko na nini?"

"Maji safi, bandeji safi, sindano ya pepopunda na dawa ya kuua viini. Mtu akiungua, mmwagilie maji safi kwa muda mrefu, mfunike na kitambaa safi, mlete haraka. Usiweke jivu, wala mavi, wala utando."

"Mguu itakatwa?"

"Sijui, mzee. Mrudishe kila nikimwita."

Ekwam alilia pale pale, mbele ya wagonjwa wengine. Hakuona haya.

Kupona nako kulichosha. Ekwam alimpeleka mkewe, akamrudisha, akampeleka tena. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa bandeji. Pole pole harufu ikaisha, nyama mpya ikajaa, ngozi ikafunga. Mguu haukukatwa.

Asubuhi moja Ekwam alirudi kutoka bombani na jerikeni begani, majirani wakimcheka kwa kufanya kazi ya wanawake. Akamkuta Akeno amesimama nje, bila fimbo. Alitaka kuitua jerikeni amkimbilie.

"Usitue," Akeno alisema. "Peleka ndani. Mimi leo natembea tu, sibebi kitu."

Akapita mbele ya majirani wote, mikono mitupu, akichechemea kidogo.