Kuni za Babu Kwa Nini

Kitendawili! Nakutegea wewe unayesoma: anamwuliza kila mtu, haulizwi na mtu. Usinipe mji upesi. Soma kwanza.

Kila jioni mume wangu aliingia nyumbani na vitu viwili. Mkononi, sanduku lake la vyuma. Kwapani, ukuni mmoja.

Alikuwa fundi mizani. Alitengeneza mizani ya dukani, ya sokoni, na ile ya kupimia watoto kliniki. Alikuja hapa kijana, kutoka nchi nyingine, kwa miguu. Mimi nilimkuta hivyo hivyo: mgeni, mcheshi, bisibisi mfukoni.

Ukuni ule ulituchekesha, maana tulikuwa na jiko la gesi miaka mingi.

"Baba, kuni za nini tena?" binti yangu mkubwa alimwuliza. "Unataka kutuchoma?"

"Ukuni hauombi chakula, mwanangu. Uache ukae."

Akaupanga nyuma ya nyumba, juu ya wenzake.

Mtaani walimwita Babu Kwa Nini. Alimwuliza muuza samaki kwa nini samaki hafumbi macho. Alimwuliza fundi umeme kwa nini waya ni mbili, moja haitoshi? Alipofika miaka sitini na mitano, akajiandikisha darasa la watu wazima. Watu wakamcheka.

"Babu, unasoma ili uajiriwe wapi?"

"Kaburini," akajibu. "Nasikia kule nafasi zipo, ila wanataka cheti."

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja. Wakati wa chakula cha jioni kila mtu alitaja jambo alilojifunza siku hiyo. Asiye na jambo aliosha vyombo. Watoto waliosha, wajukuu waliosha, mimi nimeosha sana. Yeye hakuosha hata mara moja.

Halafu akaugua. Jioni moja zamu yake ilipofika, alitutazama mmoja mmoja.

"Leo sina jambo," akasema. "Leteni vyombo nioshe."

Hatukumpa. Siku ya tatu alifariki.

Fundi wa vibao alikuja kuchukua maneno ya kuandika kaburini. Alikaa kibarazani na penseli yake.

"Jina lake nimeandika. Kazi yake nimeandika. Mwana wa nani?"

Binti yangu akanitazama. Nami nikamtazama.

"Wa wapi?" fundi akauliza tena.

"Mama," binti yangu akaninong'oneza, "si wewe ndiye mkewe?"

"Na wewe si ndiye mwanawe?"

Kweli, niliwahi kumwuliza, mwaka wetu wa kwanza. Alicheka akasema, "Nimetoka nyuma, naenda mbele." Nikacheka nami. Sikumwuliza tena kwa miaka arobaini na minne. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake anajua.

Fundi hakutuaibisha. "Nitaacha nafasi," akasema. "Mkipata, niiteni nijaze."

Basi tukamzika. Mtu aliyeuliza dunia nzima akalala chini ya kibao chenye pengo.

Mtu mmoja tu angeweza kuliziba pengo lile. Mtaa wa pili alikaa fundi viatu, tuliyemwita Mzee Kisigino. Yeye na mume wangu walitoka kwao pamoja. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na hata mazishini hakuweza kufika. Nikamwambia binti yangu, "Tukichelewa kwa huyu, kibao kitabaki hivyo mpaka mchwa wakile."

Kesho yake tukaenda. Mzee alikuwa kitandani, mito mitatu mgongoni. Binti yangu ni karani. Alitoa kalamu, akafungua daftari.

"Baba mdogo, shikamoo. Baba alizaliwa mwaka gani? Kijiji gani? Mama yake aliitwa nani?"

Mzee akavuta shuka hadi kidevuni.

"Mwanangu, umekuja kuniamkia au kunikamata?"

"Baba mdogo! Nauliza tu."

"Hata askari wa mpakani aliuliza tu. Maswali yayo hayo, kwa mpango huo huo, na kalamu mkononi. Nikamjibu uongo, nikapona. Sasa nimechoka."

Akageukia ukutani. Tulirudi nyumbani na daftari tupu.

Jioni ile mwalimu wa darasa la watu wazima alikuja kutupa pole. Ni mama mmoja mwembamba, sauti yake ya chini. Nilimsimulia yote, machozi yananitoka.

"Mwalimu, mume wangu ni kile kitendawili cha nyumba isiyo na mlango."

"Yai," akasema mwalimu.

"Ndilo. Ukitaka kuingia lazima uvunje. Nami sikutaka kumvunja."

"Bibi, yai hufunguka kwa ndani. Kazi yako wewe ni kulipatia joto."

Binti yangu akasogeza kiti. "Joto gani, mwalimu? Mimi nilimwamkia vizuri."

"Ulimwamkia, ndiyo. Halafu ukaanza na karatasi. Dada, mtu aliyevuka mpaka ameulizwa na karatasi maisha yake yote. Usianze na mwaka. Usianze na jina. Anza na vitu. Njia ilikuwaje? Mlilala wapi? Kwenu asubuhi kulinukia nini? Mzee hakumbuki tarehe, lakini harufu anaikumbuka."

"Na kuandika?"

"Mwombe ruhusa kwanza. Mwambie unaandika kwa ajili ya nani. Mmoja aulize, mwingine aandike, ili anayeuliza amtazame usoni. Akinyamaza, nyamazeni naye. Lipo asilotaka kusema, liacheni. Mkimaliza msomeeni, asahihishe. Kisha andikeni nakala mbili, kila moja nyumba yake. Nyumba moja ikiungua, habari zimebaki."

Akainuka. Mlangoni akasimama tena.

"Kuna jambo. Babu alifanya mazoezi yangu yote, miaka mitano. Moja tu alilirudisha tupu. Niliwaambia waandike habari za mama zao. Nilimwuliza kwa nini. Aliniambia, 'Mwalimu, leo kwa nini hiyo niachie mimi.' Mkienda kwa mzee, chukueni kitu chake. Kitu huanzisha maneno."

Usiku huo nilifikiria kuchukua bisibisi yake. Asubuhi binti yangu alikuwa nyuma ya nyumba, anafunga mzigo.

"Kwa Mzee wanapikia kuni," akasema. "Kuliko kwenda mikono mitupu."

Tulipofika, tuliushusha mzigo karibu na mlango. Mzee aliutazama muda mrefu.

"Shemeji," akaniita. "Kuni hizi za nani?"

"Za rafiki yako."

"Alikuwa bado analeta?"

"Kila jioni. Mpaka wiki aliyolala."

Mzee akafunika macho kwa kiganja. Sisi tukanyamaza naye. Nje mtu alikuwa anapiga nyundo. Niliyahesabu mapigo yale mpaka nikapoteza hesabu.

"Baba mdogo," binti yangu akasema polepole, "tunataka wajukuu wake wamjue. Unaturuhusu mama aandike?"

"Aandike."

"Kwao asubuhi kulinukia nini?"

"Udongo," mzee akajibu papo hapo. "Udongo mbichi, na moshi. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Hakuna aliyemshinda kufinyanga. Tena alikuwa na mdomo! Chungu kikipasuka, alikitukana kama mkwe mvivu."

Tukacheka sote, naye akakohoa, akaendelea.

"Shule ilikuwa moja. Kila nyumba ilitoa mtoto mmoja tu. Kwao alitoka kaka yake. Huyu mwenzangu akawa anasikiliza dirishani. Siku moja wakammwagia maji, kisha wakafunga dirisha. Akaniambia, 'Nitakwenda mahali ambako dirisha halifungwi.' Tukapanga. Siku yenyewe ilipofika, mama yake alikuwa anachoma vyungu. Kuni zikapungua. Akamwambia, 'Mwanangu, kimbia ukaniletee kuni.' Akajibu, 'Naam, mama, nakuja nazo.'"

Mzee akapumzika. Kalamu yangu nayo ikasimama.

"Tukaipita ile njia ya kuni. Hatukurudi."

"Hakwenda tena kumwona?" nikauliza.

"Vita vilifunga njia, shemeji. Njia ilipofunguka, habari zikaja kwamba mama amekufa. Tangu siku hiyo sijamwona akiingia nyumba bila ukuni. Alisema akisimulia, watoto wake watamwona mwongo."

Mwongo! Laiti ningemwuliza hata mara ya pili. Ningemwambia kwamba mtoto huwa mtoto, na kwamba mama hujua.

Nilimsomea mzee niliyoandika. Alinikatiza mara tatu. "Si mto, shemeji, kijito. Usiniongezee maji." Mwisho akatutajia kijiji, na jina la yule mama mfinyanzi. Jina alilitaja mara mbili, lisipotee njiani.

Tulirudi kwake siku nyingine nne. Safari hizo tulimwuliza habari zake mwenyewe. Mwezi uliofuata naye akatutoka. Kibao chake kiliandikwa siku moja. Hakikuwa na pengo.

Cha mume wangu tulimwita fundi akakijaza. Alichora herufi taratibu, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Baada ya jina la mama na la kijiji, akaandika: *mwana wa mfinyanzi*. Palibaki nafasi ya mstari mmoja.

"Niongeze nini, mama?"

"Andika alijifunza mpaka siku ya mwisho."

Fundi alipoondoka, binti yangu alitoa ukuni mmoja kwenye mfuko. Akauweka chini ya kibao. Akamwita bibi yake ambaye hakumwona kamwe.

"Bibi," akasema, "kuni zako zimefika."

Sasa madaftari yetu ni mawili. Moja liko kwangu, na moja kwa binti yangu. Wajukuu wanajua walikotoka. Jirani zetu watatu wameanza madaftari yao, na mwalimu huja kuwaelekeza.

Kitendawili changu je, umekipata? Ni yule mzee wa nyumbani kwako. Anauliza mmekula, mmelala, mmefika salama. Yeye nani anamwuliza?

Juzi tulipokuwa mezani, mjukuu wangu wa kike alitaja jambo lake, na wengine yao. Mimi nilikuwa sina. Nikainuka kukusanya sahani. Binti yangu akanishika mkono.

"Kaa, mama. Vyombo viache."

Akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akampa mwanawe kalamu. Kisha akanigeukia, akanitazama usoni.

"Mama, ulipokuwa mdogo, kwenu asubuhi kulinukia nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikafumba macho, nikaanza. Vyombo vilioshwa kesho yake.