Askari wa Garaji Apata Chanjo

Kila asubuhi mimi hupanga ndagala zangu mezani, mbele ya garaji ya Seifu, hapa Buyenzi. Harufu ya samaki hawa wadogo ikisambaa tu, Askari anaamka. Askari ni mbwa wa garaji. Anatoka chini ya gari bovu, anajinyoosha, ananusa meza yangu. Namfukuza, anarudi kulala. Usiku yeye ndiye mlinzi, na tangu aje, hakuna mwizi aliyechukua hata kioo kimoja.

Seifu alimpenda mbwa wake, ila kusema hakusema. Hakuna mtu wa nyumba ya Seifu, pale pale garajini, aliyewahi kumgusa. Wao ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Waridi, mke wa Seifu, alimtilia chakula kwenye sahani yake, kisha akaondoka. Kupe walijaa masikioni mwa mbwa yule na mbavu zilimtoka.

Siku moja jirani yetu Amandine alikuja kununua ndagala. Amandine ni munganga wa wanyama, mzaliwa wa Uvira. Alimtazama Askari akijikuna.

"Seifu, mbwa hii alishapata chanjo ya kichaa?"

Seifu alicheka, kichwa chake kikiwa ndani ya injini.

"Dokta, hizo ni mambo ya mbwa ya matajiri wa Kinindo. Kule mbwa wanapanda gari, wanaenda kwa munganga. Askari iko mbwa ya kazi. Ukimuchoma sindano atakuwa mupole. Wezi watapita wanamusalimia."

"Nani alikuambia?"

"Watu wote wanajua."

Kweli, mtaani kwetu wengi waliamini hivyo. Wako hata wanaomlisha mbwa pilipili eti awe mkali. Maskini, mbwa anaumwa tumbo tu.

"Sindano haiondoe ukali," Amandine alisema. "Minyoo, kupe na njaa ndio vinamumaliza. Mbwa mugonjwa analala. Mbwa muzima analinda."

"Na nani atamushika? Mi sigusi mate ya mbwa."

Waridi alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote.

"Baba Anouar," alimwambia mumewe, "najisi inaoshwa na maji, na maji iko. Mutoto akiumwa na mbwa ya kichaa, utamuosha kichaa na nini?"

"Askari hana kichaa."

"Leo hana," Amandine alijibu. "Lakini anatembea inje. Mbwa mwingine mwenye kichaa akimuuma, naye atakipata. Ugonjwa ule unapita kwa mate. Mutu akishaanza kuugua, hakuna dawa, anakufa. Kuuzuia ndiyo tunaweza."

Anouar, kitindamimba wao, alikuwa amechuchumaa karibu na sahani ya mbwa, anacheza na nati za gari. Seifu alimwangalia mtoto, akamwangalia na mbwa. Akapangusa mikono yake.

"Basi, dokta. Utufundishe namna ya kumushika."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Amandine alimwambia Waridi asimkimbize mbwa. Akila, amguse kidogo shingoni, kisha amwache. Kesho hivyo hivyo, halafu amvishe kamba. Waridi alifanya hivyo kwa subira, na kila mara alinawa. Seifu alijaribu pia. Mara ya kwanza aliruka kuliko mbwa, tukacheka mpaka machozi.

Siku ya chanjo Seifu mwenyewe alimshika Askari. Amandine alichoma sindano, akatoa dawa ya minyoo, akaondoa kupe. Akatuonya: "Chanjo inahitaji muda ili ifanye kazi. Na mwaka kesho tunarudia." Askari akaanza kunenepa. Manyoya yake yakang'aa.

Miezi ilipita. Kisha asubuhi moja, mbwa mgeni aliingia barabarani kwetu. Mate yalimchuruzika. Aliyumba, akauma gurudumu, akauma gogo. Akaelekea garaji, na Anouar alikuwa pale langoni. Nilipiga kelele.

Askari aliruka katikati yao. Wakapigana. Wanaume walikuja na vyuma, wakamuua yule mgeni. Seifu akamnyakua mtoto, akampa mama yake. Lakini Askari alikuwa na kidonda begani, damu inatoka.

Libère, fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara, bado alikuwa ameinua chuma chake.

"Na hii pia tuiue. Ameumwa. Kesho atauma watoto yetu."

Wengine wakaitikia. Seifu akasimama mbele ya mbwa wake.

"Apana. Mbwa yangu alichanjwa. Libère, shusha chuma. Ameokoa mutoto wangu."

Niliacha ndagala zangu kwa paka, nikakimbia kumwita Amandine.

Amandine aliuliza kwanza habari za watu. Nani ameumwa? Nani amekwaruzwa? Nani ameguswa na mate? Hakuna.

"Mushukuru Mungu. Mutu akiumwa, aoshe kidonda palepale na sabuni na maji mingi, kwa muda murefu. Halafu hospitali siku ileile, apate chanjo ya watu. Asiweke majani. Asingojee."

Alivaa glavu, akaosha kidonda cha Askari, akamchoma chanjo nyingine.

"Kama hangekuwa na chanjo, mi mwenyewe ningesema tumulaze asiamuke tena, hata kama inaniuma. Lakini hii ana kinga. Mumufunge peke yake siku arobaini na tano, watoto wasimukaribie. Nitakuwa nakuja kumuangalia."

Libère alishusha chuma, lakini hakuamini.

Wiki zile Seifu hakula vizuri. Kila asubuhi aliniuliza, "Mama Irène, umemusikia akibweka?" Nami nilimjibu, "Ee, ametuamsha wote."

Siku ya mwisho Amandine alimpima Askari kuanzia mdomo hadi mkia.

"Iko muzima," alisema. "Mufungue kamba."

Askari alizunguka uwanja mbio. Halafu akamwona mwenye sindano, akambwekea kwa nguvu mpaka Amandine akapanda juu ya tairi. Barabara nzima ilicheka. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Seifu alilia mbele za watu, wala hakuficha.

"Munaona mupole wangu? Munamuona?" aliuliza.

Juma lililofuata watu walileta mbwa wao garajini, Amandine awachanje. Wengine waliwafunga kwa mikanda, wengine kwa nyaya. Libère alikuja wa mwisho, anavutana na mbwa wake kwa mpira wa baiskeli.

"Seifu, ndugu yangu," alisema taratibu, "nionyeshe namna ya kumushika."

Seifu aliweka chini spana yake.

"Anza na chakula. Usimuvute. Sasa weka mukono hapa, shingoni. Polepole."

Libère akashika, Amandine akachoma. Mbwa alitulia kabisa. Aliyefumba macho ni Libère.