Maneno ya Hilaria Yaliyoachwa Njiani

Bertilla alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji cha Mlenje, upande wa Mpui. Alipelekwa huko mwaka 1974, wakati watu walipokuwa wakihamia katika kijiji cha ujamaa na nyumba zikijengwa kwa mistari. Kila siku alifungua mlango saa mbili kamili asubuhi. Sakafu ilikuwa imekwisha kupigwa deki, na sindano zilikuwa zimekwisha kuchemshwa. Kila siku ilikuwa na kazi yake. Jumatatu ilikuwa ya watoto. Alhamisi ilikuwa ya waja wazito. Aliyekuja siku isiyo yake alirudishwa nyumbani.

Watu walimheshimu. Walimwogopa pia, lakini hilo hakulijua.

Mwezi wa Mei, mwaka 1976, alifika mgeni. Alikuwa msichana wa Tukuyu, jina lake Tusajigwe, naye alikuwa akisomea ustawi wa jamii.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nimekuja kufanya utafiti. Mwaka jana surua iliwachukua watoto wengi. Nataka kuwauliza wazazi waliofiwa: siku ile, wauguzi na viongozi waliwaambia nini? Waliwatendeaje?"

"Marahaba. Sisi tulifanya kazi mpaka miguu ikavimba," Bertilla akajibu. "Waulize tu."

"Tatizo ni lugha. Nimeambiwa kina mama wengi hapa hawasemi Kiswahili kwa urahisi. Nami sijui Kifipa, hata salamu."

"Nitakufasiria mimi. Nimezaliwa Chala, na watu wa hapa wote nawajua."

Tusajigwe alishukuru sana. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Kornel na mkewe, Hilaria. Waliwakuta uani wakipura maharage kwa fimbo. Kornel aliwaletea wageni vigoda. Yeye alikijua Kiswahili vizuri, kwa kuwa alifanya kazi ya mkonge Tanga miaka minne.

"Karibuni," alisema. "Nesi, leo umetufuata mpaka nyumbani! Tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu," Bertilla akasema. "Mgeni huyu ana maswali kuhusu marehemu mtoto wenu."

Fimbo ya Hilaria ilisimama hewani. Kisha aliiweka chini, akaketi. Tusajigwe aliuliza swali lake polepole, na Bertilla akalifasiri.  Hilaria alisema kwa Kifipa, akiwa anamtazama muuguzi usoni:

"Mwambie huyu binti kwamba tulikuja Alhamisi. Beda alikuwa akiungua kwa homa. Wewe mwenyewe ulitutazama ukiwa dirishani, ukasema, 'Leo ni ya waja wazito, rudini Jumatatu.' Tukarudi Jumatatu. Alipokata roho, ulisema mbele ya watu wote, 'Mmemchelewesha. Mmemuua wenyewe.' Asubuhi nilipoingia uliniita Mama Beda. Nilipotoka uliniita 'wewe' tu. 'Wewe, mwondoe mtoto, kitanda kinahitajika.' Hukuniacha hata nimfunge kanga vizuri. Haya, mwambie."

 Bertilla alikuwa amekwisha kuyasahau hayo. Sasa aliliona dirisha lile, akamwona na yule mama aliyefunikwa vumbi, mtoto akiwa mgongoni.

"Anasemaje?" Tusajigwe akauliza, kalamu mkononi.

"Anasema mtoto alikufa kwa surua. Anasema walichelewa kidogo kumleta. Anashukuru kwa huduma."

Tusajigwe aliandika, halafu akainua kichwa. "Amesema mengi, mama. Mbona Kiswahili chake ni kifupi hivyo?"

"Kifipa huzunguka sana," Bertilla akajibu.

Kornel alikuwa ameyasikia yote mawili, Kifipa na Kiswahili. "Nesi," alisema, "hayo ndiyo aliyoyasema mke wangu?"

"Ndiyo."

Kornel alilitazama tumbo la mkewe. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Muuguzi wa Mlenje alikuwa mmoja tu, na Mpui ilikuwa mbali.

"Haya," akasema. "Kumbe kule Tanga nilijifunza Kiswahili cha namna nyingine."

Akaichukua fimbo yake, akaendelea kupura.

Siku ile walizitembelea nyumba nne. Kila nyumba Bertilla alifasiri, na kila nyumba watu walishukuru. Waliporudi zahanati alasiri, Tusajigwe alizifunua kurasa zake, akatikisa kichwa.

"Sielewi," alisema. "Nyumba nne, shukrani nne. Lakini wawili kati ya kina mama wale ni waja wazito, nawe umeniambia hawaji kliniki. Mtu humkimbia aliyemtendea wema?"

 Bertilla alilifungua daftari la wagonjwa la mwaka uliopita. Mwezi wa Oktoba, siku ya Jumatatu, aliukuta mwandiko wake mwenyewe: "Beda Kornel, miaka miwili. Surua na kichomi. Amecheleweshwa na wazazi." Akairudia Alhamisi iliyotangulia. Jina la Beda halikuwamo. Halingeweza kuwamo, maana waliorudishwa hawakuandikwa.

Akalifunga daftari.

"Binti," alisema, "yale uliyoyaandika leo si maneno ya Hilaria. Ni yangu."

Akamweleza yote, sentensi kwa sentensi, kama Hilaria alivyoyasema. Hata lile la kanga hakuliacha.

Tusajigwe alizifuta kurasa zile nne kwa mistari.

"Mimi nami nimekosa," alisema. "Nilitaka wafiwa waniambie jinsi muuguzi alivyowatendea, nikampeleka muuguzi yuleyule akae mbele yao. Nani angesema kweli? Hilaria peke yake alithubutu, nasi tukamziba mdomo. Kesho nitamwomba Kristiana, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, anifasirie. Wewe hutakuwapo, wala sitakuambia nani kasema nini."

"Ni haki. Na Hilaria je? Kesho niende kumwomba radhi?"

"Nenda, lakini usiende ili akufariji. Usimweleze uchovu wako, wala wingi wa wagonjwa. Aliyefiwa ana mzigo wake; usimtwike na wa kwako. Sema ulilolikosa, kisha usikilize. Akinyamaza, nyamaza naye."

"Na siku mtoto anapofariki? Chuoni tulifundishwa sindano na vidonda. Hilo hatukufundishwa."

"Kaa chini, mama. Usiseme na mfiwa ukiwa umesimama. Mtaje mtoto kwa jina lake. Sema waziwazi kwamba amefariki, usifichefiche. Waache wazazi wamshike, wamfunge wenyewe, hata kama foleni ni ndefu. Usitafute mkosaji saa ile. Baada ya siku chache wafuate nyumbani, uwaulize wana hali gani."

"Kumbe haihitaji dawa hata moja," Bertilla akasema kwa masikitiko. "Ningeweza kuyafanya yote siku ile."

Kesho yake alikwenda peke yake. Hilaria alikuwa akipepeta maharage. Bertilla hakungoja kigoda. Aliketi chini, kwenye maganda.

"Mama Beda," alisema kwa Kifipa, "ulimleta mwanao Alhamisi, nami nikakurudisha. Kisha nikakulaumu kwa kosa langu mwenyewe. Jana nikayaficha maneno yako. Mgeni sasa anayajua yote. Nimekosa mara tatu."

Hilaria aliendelea kupepeta. Ungo ulipanda na kushuka.

"Miezi saba," alisema mwishowe. "Miezi saba nimelala nikijiuliza kama nilimuua mwanangu. Mama mkwe aliniuliza. Majirani waliniuliza. Wote walisema, nesi amesema, basi ni kweli. Ungelikuja wakati ule!"

"Ilinipasa kuja," Bertilla akasema. "Sikuja."

Waliketi kimya mpaka maharage yalipokwisha. Hilaria hakumkaribisha chakula, wala hakumfukuza.

Juma lilelile, Bertilla alimwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano. Alisimama mbele ya watu, akasema kwamba wazazi wa Beda hawakuchelewa, na kwamba aliyekosa ni yeye. Wengine waliguna. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Leo nesi kajichoma sindano mwenyewe!" Watu wakacheka, naye akavumilia. Akatangaza kwamba tangu siku ile mtoto mgonjwa atapokewa siku yoyote.

Tusajigwe aliondoka na kurasa mpya, zilizojaa. Mwezi wa Juni mtoto mwingine alifariki zahanati, kwa kichomi. Bertilla aliketi karibu na wazazi wake. Alimtaja mtoto kwa jina. Aliwaacha wamfunge wenyewe, na foleni ikangoja. Siku ya nne alikwenda kwao. Mwezi uliofuata mama yule alimleta mdogo wa marehemu kuchanjwa. Alikuja kwa miguu yake, bila kuitwa.

Hilaria hakuja Juni, wala Julai. Bertilla hakumtuma mtu kumhimiza. Kila Alhamisi alitazama njia.

Katikati ya Agosti, upepo wa baridi ukivuma, Kornel alimleta mkewe juu ya baiskeli. Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri. Kabla ya saa sita mchana mtoto wa kike alizaliwa, akalia kwa nguvu. Bertilla alimfunga vizuri, akamweka kifuani pa mama yake. Kisha akaleta uji, akaketi.

Hilaria alikunywa uji wote, akamrudishia kikombe.

"Huyu umempokea vizuri," alisema. "Nitawaambia watu. Na lile la Beda nitaendelea kulisema, kila nitakapoulizwa."

"Liseme, Mama Beda," Bertilla akajibu. "Nikiwapo mimi, liseme vilevile."

Hilaria akamgeukia mwanawe, akaanza kumnyonyesha. Bertilla aliosha kikombe, akatoka nje kumwita aliyefuata.