Nne Nukta Saba Sita

"Fundi, bado swali la tano."

"La tano jaribu mwenyewe, basi."

"Jamani! Saa nane nina zamu wodini, nawe unaniambia nijaribu? Ndiyo mapenzi hayo?"

Nikatatua la tano, nikapiga picha karatasi, nikamtumia. Baada ya dakika mbili simu ikalia tena kwa ujumbe: *Asante mume wangu mtarajiwa.* Nikacheka peke yangu maabara nzima.

Mimi ni msaidizi wa maabara chuoni. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliniita Fundi, kwa sababu ukinipa swali la biokemia, chai haijapoa nimeshalimaliza. Wengine wote niliwakalia kooni. Nilichana karatasi zao, nikawaambia waanze upya, wakanung'unika mpaka wakaelewa. Mchumba wangu Nesi, aliyekuwa akisomea uuguzi, nilimpa majibu. Nilidhani huko ndiko kudekeza.

Tena nilikuwa na ugonjwa wa kuruka hatua. Chukua swali la bafa, ule mchanganyiko unaozuia uchachu usipande na kushuka ovyo. Asidi na besi mwenzake wakilingana kiasi, pH, yaani kipimo cha uchachu, inakuwa sawa na pKa, namba maalumu ya asidi hiyo. Mtu anayejua huona uvivu kuandika mistari minne ya kufika hapo. Kwa asidi ya siki niliandika 4.76 nikapiga mstari chini, basi.

Nesi akafeli mtihani wa kwanza wa biokemia. Mama yake akatuita sebuleni, kadi za harusi zikiwa mezani nje ya boksi.

"Baba," akaniambia, "harusi ni wiki sita zijazo. Lakini binti yangu haolewi na mwaka wa kurudia mgongoni. Mimi niliacha masomo nikaolewa, nikaambiwa nitamalizia. Nimemalizia?"

"Hapana, mama."

"Basi. Akifaulu mtihani wa marudio, mchukue kwa heri. Akifeli, kadi zitarudi kwenye boksi."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nitamwandaa mwenyewe."

Nikatoka pale kifua mbele kama jogoo. Nikamtatulia maswali arobaini. Maskini, akayakariri yote, moja baada ya jingine.

Siku ya mtihani msimamizi mmoja aliumwa, mhadhiri akanikabidhi chumba. Ningesema mchumba wangu yumo humo, wangenitoa. Sikusema. Nilitaka niwe karibu naye, upumbavu mtupu.

Swali la pili lilikuwa la bafa. Ila safari hii haikuwa siki, ilikuwa fosfeti, asidi na mwenzake sawa kwa sawa, na pKa yake imechapwa palepale: 7.2. Jibu lilikuwa ndani ya swali! Nilifurahi mpaka nikajikanyaga.

Nikapita kwenye meza yake. Nesi alikuwa ameandika 4.76, akapiga mstari chini kama mimi.

Akainua macho. Aliniuliza kabisa kwa macho yale: *ni hivyo?* Kidole changu kilikuwa karibu mno na ile 7.2 ya kwenye karatasi. Kukigusisha tu. Mhadhiri alikuwa mlangoni, lakini nisimsingizie, alikuwa akiangalia nje. Ni mimi niliyeshindwa kusaidia na nikashindwa pia kuondoka. Mwishowe miguu ikanipeleka meza inayofuata.

Baadaye ni mdomo wangu mwenyewe uliosema, "Muda umekwisha. Wekeni kalamu chini."

Matokeo yakabandikwa. Alipungukiwa alama mbili. Swali lile lilikuwa na tatu.

Akanipigia.

"Ulipita kwenye meza yangu."

"Nilipita."

"Uliona?"

"Niliona, Nesi. Lakini ningekuonyesha, wangekufukuza chuo kabisa..."

"Kwa siku ile sikulaumu. Siku ile ulifanya sawa." Sauti ikamkatika. "Nakulaumu kwa yale arobaini. Wale uliowafokea wote wamefaulu, Fundi. Aliyefeli ni mimi uliyenipenda."

"Tutakata rufaa! Leo hii nakuandikia barua, wewe utie sahihi tu..."

"Unasikia lakini unachosema? Hata barua!"

Alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Nesi, niambie nifanye nini."

"Usifanye kitu. Hicho ndicho ninachokuomba. Narudia mwaka. Usinipigie, usinitumie jibu hata moja. Pete sikurudishii, ila nimeivua."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Nikifeli tena, angalau nitakuwa nimefeli mimi."

Akakata. Jioni mama yake akanipigia, bila salamu ndefu.

"Baba, kadi nimeziweka juu ya kabati. Sijazichoma. Mwache asome."

"Anaendeleaje, mama?"

"Analia, anafuta, anaandika. Usije."

Nikakaa. Hakuna kazi ngumu kama kukaa, mtu mwenye mikono miwili mizima. Wanafunzi wakaniletea maswali, nikawafundisha mstari kwa mstari hadi wakanichoka. Mara ngapi niliandika jina lake kwenye simu nikafuta, sijui.

Mwezi wa tano wa kungoja nilikuwa naosha chupa za maabara. Simu ikalia, ikawa picha. Mwandiko wake. Swali la fosfeti, mistari yote minne ambayo mimi niliona uvivu kuiandika. Wa tatu alikuwa amekosea, akaukata, akauandika upya pembeni. Chini kabisa: 7.2.

Chini ya picha: *Usijibu. Nilitaka tu uone.*

Nikaandika, "Hongera mke wangu." Nikafuta. Nikaandika, "Sawa." Nikafuta na hiyo. Mtihani wake ulikuwa bado miezi saba, na hakuna hata mstari mmoja ambao ningeweza kumwandikia. Nikaiweka simu juu ya meza, picha ikiwa wazi, nikarudi kuosha chupa.